Pini ya Jumamosi

...watano, kama mtoto naye anahesabika, alijisemea huku mikono yake miwili imelishika bomba lililovishwa kwenye mpini wa spana, watano tu ndio waliopo hapa asubuhi hii, fundi, ambaye ni mume wake, amepiga magoti mbele ya gari na mikono yake yote imezama ndani ya injini, mkunga mwenye gari, amesimama ubavuni akiutazama mrija wa plastiki uliotumbukizwa kwenye tundu la plagi ya kwanza, mchomeleaji wa banda la pili, ameinamia geti lake na kinyago usoni, mtoto, ameketi ndani ya tairi kuukuu ananyonya kidole kwa sababu mrija ule ulikuwa wa juisi yake na baba yake ameuchomoa mdomoni mwake bila hata kusema nipe, na yeye mwenyewe, mke wa fundi, mwenye jicho moja linaloona na moja lililofunga, basi, hakuna mwingine, na kati ya hao nani angekuwa ameona, nani angeulizwa akajibu, mkunga macho yake yako kwenye mrija, mchomeleaji anaona cheche zake tu, mtoto ana miaka miwili na maneno matatu, mama, maji na hapana, kwa hiyo hakuna, angesema tu mkono uliteleza, injini ina mafuta jamani, mkono uliteleza, na wangesema maskini, ajali kazini, wangemtafutia fundi kitambaa cha kufunga damu, na kitambaa kipo, kile pale alichokitupa mwenyewe juu ya tenshena, kile chuma cha kukazia cheni, alipofungua kifuniko, kwa nini amekitupa pale, mtu mwenye kuchukia kitambaa kwenye injini, mtu aliyewahi kumrushia spana namba kumi na saba kwa kusahau kitambaa kwenye injini... "Usiguse," anasema fundi kutoka chini, "nikisema simama, simama, usipumue hata," na yeye amesimama, hajagusa, anapumua kidogo kwa pua kwa sababu mdomo umevimba upande wa ndani na jino la kushoto linacheza akiligusa kwa ulimi, linacheza kama la mtoto wa darasa la kwanza, mtu mzima mwenye mtoto wake naye anaota mapengo, na mbele yake, hatua moja tu, vidole vitatu vya mkono wa kushoto wa mume wake vimepita nyuma ya cheni, kati ya cheni na gia ya chini, vinaibana isichupe, na mkono wa kulia uko juu unaivuta kuelekea gia ya kwanza ya juu, na gia ile ya chini imekaa kwenye krenki, mhimili unaoizungusha injini, na krenki imekamatwa na spana, na spana ameishika yeye. Robo mzunguko. Hata robo ni nyingi. Plagi zote zimetolewa, injini haina mbano, inazunguka laini kama pipa tupu, na bomba hili lina urefu wa mkono mzima na zaidi, fundi alimfundisha mwenyewe, ukiongeza bomba kwenye spana hata bibi kizee anafungua boliti iliyomtoa mwanamume jasho, kwa hiyo lisingehitaji nguvu, lingehitaji kulilalia tu, kama anavyolalia ubavu mmoja akisukuma mlango huku amebeba ndoo, na jino la kwanza la gia lingekuta kidole cha kati, lingekiingiza chini ya cheni, ungesikika mlio mdogo, wa kijiti kikavu, halafu mlio wa mume wake, halafu jino la pili, cheni haiulizi nyama ni ya nani, cheni inavuta tu, ukucha, kiungo, pete... "Mrija umesimama, fundi," anasema mkunga, "haupandi tena." "Hapo ndipo, mama, hapo pistoni ya kwanza iko juu kabisa, ukiona unashuka niambie." "Nikuambie mara ngapi, mimi kazi yangu ni kuangalia vinavyoshuka," mkunga anasema, na fundi anacheka, anacheka vizuri, ana meno mazuri ya kuwachekea wateja, na mke wake karibu acheke naye kwa mazoea, mdomo unamkatalia. Mume wake alimweleza haya yote mwaka ule wa kwanza wa ndoa, akiwa amekaa juu ya kreti na yeye miguuni pake anasafisha boliti kwa petroli, alisema injini ni kupokezana tu, pistoni inapanda, vali zinafunga kuipisha, pistoni inashuka, vali moja inafungua kuiachia hewa, na cheni hii ndiyo inayozigawia zamu, cheni ikilegea ikaruka jino moja, mawili, kila mmoja humo ndani anakuja kwa wakati usio wake, wanapigana, aliunganisha ngumi mbili kuonyesha, hivi, vuu, halafu akazifungua ngumi akampaka masizi puani kwa kidole, na alikuwa na kidole laini siku ile, hilo nalo ni kweli, hawezi kulifuta, kidole hicho hicho kilicho nyuma ya cheni sasa hivi kiliwahi kumpaka masizi puani, na kiliwahi kupimia maji ya kumwogeshea mtoto, usiku wa homa kiliwahi kukaa mdomoni mwa mtoto saa nzima kwa sababu mtoto alikataa kukiachia, na jana jioni kilikunjana na wenzake wanne... hapana, asifike huko, atazame alama. Pingili tatu za rangi kwenye cheni, nukta kwenye gia ya chini, nukta kwenye kila gia ya juu, pingili ya rangi ikae juu ya nukta, zote tatu, ndiyo taimingi imerudi, watu wanadhani ni uchawi na ni kuoanisha tu, kama kufunga vifungo vya shati, ukikosea cha kwanza umekosea vyote, na Jumamosi hawakukosea cha kwanza, aliona kwa macho yake yote mawili, alikuwa bado nayo mawili Jumamosi, pingili zote tatu zilikaa juu ya nukta. Jumamosi ilikuwa siku nzuri, hilo ndilo linalomuuma. Mkunga alilileta gari likilia mbele kama kopo la misumari, fundi akasema cheni imechakaa, wakavalisha mpya, yeye ameshika bomba hivi hivi, na kile kipini cha tenshena kikapotea, tenshena ndiyo inayoisukuma cheni isilegee, ina springi kali, ukitaka kuvalisha cheni unaibana springi kwanza na kuizuia kwa kipini kwenye tundu lake isifyatuke, ukimaliza, kabla hujarudisha kifuniko, unakichomoa, tak, inakaza, na kipini kilikuwa kimedondoka kwenye mchanga wakakitafuta wote wawili kwa magoti, fundi akasema nipe kitu chembamba, upesi, springi inanikata kidole, na yeye akachomoa pini kichwani, pini yake nyeusi ya nywele, ikaingia kwenye lile tundu kama ilitengenezewa humo, na nywele zikamwangukia usoni, na mume wake akamtazama, akasema, "Bila wewe ningefanyaje," neno moja hilo akalibeba siku nzima, alipika nalo, alilala nalo, mjinga yeye, halafu Jumapili adhuhuri gari likarudi limefungwa kamba nyuma ya lori la mchanga, mkunga anatembea pembeni viatu mkononi, lilimzimikia mlimani akienda kuzalisha, alikimbia mwendo uliobaki kwa miguu akakuta mtoto ameshazaliwa mikononi mwa nyanya yake, wazima wote wawili, alisema mkunga, wazima, msijali, lakini kama asingekuwepo yule nyanya sijui, akaomba maji ya kunywa. Na fundi hakufungua kifuniko. Hakufungua! Alizungusha krenki mara mbili kwa mkono, akasikia, akasema cheni imeruka, halafu akamgeukia mkewe mbele ya yule mkunga aliyekuwa anakunywa maji, akasema, "Ulitikisa spana." Akasema, "Nilikuambia shika, ukatikisa, alama zikahama. Mikono ya uji." Mkunga akasema ah, fundi, binadamu tu, na fundi akasema binadamu yupi mama, huyu nimemwoa na mikono yake ya uji nikadhani itakauka, wakacheka, mmoja alicheka, na mkunga alipoondoka jua likiwa bado lipo, mlango ukafungwa kwa komeo... na ilikuwa mkanda wa feni, wa mpira, wa gari lingine, uliokuwa unaning'inia msumarini, unapasua hewa kabla haujafika, unajua unakuja na hujui utatua wapi, mgongo, shingo, mgongo, halafu ngumi kwa sababu mkanda ulinasa kwenye meza, halafu ukuta, ukuta ulikuwa na harufu ya chokaa na baada ya hapo ulikuwa na harufu ya chuma, na mtoto amesimama kitandani ameshika chandarua anasema hapana, kwa kila pigo hapana moja, hapana, hapana, sauti ndogo, hailii, kama anahesabu, na hodi ikapigwa. "Jirani, naazima koleo." Mchomeleaji huyo, mlangoni, mwenye koleo saba, zimepangwa ukutani kwake kwa ukubwa, anaziona kila siku akipita, alisimama pale anaazima koleo, fundi akampa, akasema asante, akasimama, akasema na kipande cha waya kama unacho, akapewa, akasema ah, na jirani, hivi kesho kutakuwa na umeme, na akaendelea kusimama mpaka mkono wa mume wake ukachoka kushikilia mlango na hasira ikapoa kama chai, na asubuhi hii koleo ameirudisha imefutwa mafuta, na ameliburuta geti lake kuligeuza ili mwanga wa kuchomelea usimpige mtoto machoni, geti zima la chuma. "Na huyu mwanangu jicho limefanyaje?" anauliza mkunga, hamtazami yeye, anautazama mrija. Fundi anamwahi: "Boneti, mama. Nilimwambia asisimame pale." "Boneti." "Boneti, mama." "Gari gani hilo," anasema mkunga taratibu, "boneti yake ina vidole vitano shavuni," na cheche za mchomeleaji zinakatika, na fundi anasema, "Mama, niache nimalize kazi yako, hapa nimeshikilia roho ya gari," na anaivuta cheni juu, na kiwiko chake kinapopanda kinakigusa kile kitambaa, kitambaa kinateleza, kinaning'inia pembeni, na yeye anaiona. Pini. Pini yake. Imo kwenye tundu la tenshena, imelowa mafuta imekuwa nyeusi kuliko weusi wake, kichwa chake kimejikunja hivi kwa sababu aliwahi kuiuma kwa meno akiwa anasuka, ile ile, na kichwani mwake anazo tatu, anazihisi zilivyobana ngozi, moja sikioni, mbili kisogoni, tatu tangu Jumamosi, ya nne iko pale, haikuchomolewa, wakafunga kifuniko nayo ndani, tenshena imebanwa springi yake yote siku nzima ya Jumamosi na Jumapili mpaka mlimani, cheni imelegea inapigapiga ukuta wa injini mpaka ikaruka, si mkono, si spana, si uji... na kiwiko cha mume wake, taratibu, bila macho kutazama, kinakisukuma kile kitambaa mpaka kinaifunika tena. Anajua. Hajatazama kwa sababu anajua. Alijua tangu alipofungua kifuniko asubuhi na yeye akiwa anachemsha chai, aliiona, akachukua kitambaa, akafunika, akanywa chai, alimwomba sukari zaidi, akamwambia njoo ushike na leo usitikise. Usitikise! Sasa damu inampanda masikioni mpaka hasikii mkunga anasema nini, anasikia mkanda tu ukipasua hewa, na mikono imeshuka kwenye bomba mpaka mwisho kabisa, pale penye nguvu nyingi, yenyewe imeshuka, hakuiambia, na ubavu umeshagusa, na anaviona vidole vile vitatu vimepauka kwa kubana, kidogo tu, mama yangu, kidogo tu, gia ivimeze vyote vitatu, imtafune mpaka kwenye kifundo, apige kelele ukuta usikie, anyanyuke na mkono umekuwa matambara, aseme nimekosa, aseme ni pini, ni pini yako mke wangu, aseme huku anatokwa damu kwenye kifuniko cha taimingi, na yeye atasema pole, mkono uliteleza, mikono yangu ya uji, si uliniambia, na angelizungusha tena, upande wa pili, meno yapite mara ya pili pale pale, na vidole vile visingesema hapana hata mara moja kwa sababu vina haki gani ya kusema neno la mtoto wake... na tairi linapinduka. Analisikia kabla hajaona, dufu, na kilio, mtoto ameangukia uso, na kichwa chake yeye kinageuka chote, kinageuka kama Jumamosi, ndiyo, Jumamosi pia mtoto alianguka, ndiyo sababu nusu yake ilikuwa imemwamini mume wake, jana ukutani hata katikati ya mapigo alikuwa anajiuliza, labda kweli, nilipogeuka, labda mkono ulifuata kichwa, labda ni mimi, na alisema nisamehe, alisema kwa sauti, kwa jambo hilo... na sasa kichwa kiko kule, kwa mtoto, mdomo wa mtoto una mchanga na tone moja la damu, na mchomeleaji amekwisha kufika, ameinua kinyago, amemnyanyua kwa vile viganja vyake vikubwa kama anabeba balbu, "Haya, haya bosi, tairi limekosea, tulipige tairi?" na mtoto anasema hapana, na mkunga anasema, "Mrija haujashuka, haujashuka hata kidogo." Haujashuka. Anarudisha macho. Mikono yake iko mwisho wa bomba, palepale, na bomba liko palepale, na nukta iko chini ya pingili ya rangi, na vidole vya mume wake viko vizima, vitatu, vimetoka jasho. Hautikisiki. Mkono huu, leo, una jicho lililofunga na jino linalocheza na mtoto mwenye mchanga mdomoni, una kila sababu ya dunia nzima ya kutikisika, na hautikisiki, mkono wa siku nzuri ungetikisikaje, Jumamosi umetoka kuambiwa bila wewe ningefanyaje, ungetikisikaje, haukutikisika, haujawahi kutikisika, ni mkono mzuri. Anautazama. Mishipa imesimama, kucha fupi, kovu dogo la petroli na moto, ni mkono mzuri kuliko yote iliyopo humu, na haujamwomba mtu msamaha, aliyeomba ni mdomo, na mdomo ulikuwa unavuja damu, haukuwa na akili zake. Mkunga huyu alimwambia siku ile ya kujifungua, usisukume mwanangu, najua unataka, mwili unataka, kaa na hamu hiyo, subiri mpaka iwe yako, alimshika kisigino na mkono wake wa baridi, akasubiri naye saa mbili nzima bila kumkemea, na ilipokuwa yake alisukuma, na aliyezaliwa ndiye yule anayemkatalia mchomeleaji kwa neno moja kati ya matatu aliyonayo. Basi hii si yake. Hii robo mzunguko si yake, ni ya mtu wa mkanda, akiizungusha atakuwa amevishwa mkono wa mwenzake, na ataondoka nao popote atakapokwenda, na popote, ee, amesema popote, ameshaondoka kumbe, tangu lini, labda tangu kile kiwiko... Na mume wake kwa mara ya kwanza ananyanyua uso, anatazama mikono ya mkewe ilipo, mwisho kabisa wa bomba, anatazama vidole vyake vilipo, anatazama tena bomba, ni fundi, anajua hesabu ya bomba na spana kuliko mtu yeyote, na rangi inamtoka usoni, hawezi kuvichomoa, akichomoa cheni itachupa. "Mama watoto," anasema, hajamwita hivyo tangu Jumamosi, sauti imekuwa ndogo, "mama watoto, umeshika?" na mkunga ameuacha mrija anamtazama yeye, na mchomeleaji amesimama na mtoto begani, na wote wanasubiri, na spana ipo, gia ipo, vidole vipo, kila kitu kiko pale pale kilipokuwa. "Nimeshika," anasema.

Pingili ya tatu ilipokaa juu ya nukta yake, yeye ndiye aliyekiondoa kile kitambaa, akachomoa pini mbele ya wote, tenshena ikafyatuka, tak, cheni ikakaza. Aliifuta pini kwenye gauni lake akaichomeka kichwani. Gari liliwaka kabla ya adhuhuri, na mkunga alipoliondoa, mke na mtoto walikuwa kiti cha mbele. Fundi hadi leo ana vidole vyake kumi, na anajifulia navyo.